Usingoje Tairi Zilie

Nakumbuka siku moja niliyomchukua mama mkwe wangu kwa gari kutoka Rongo kwenda Homa Bay, na mpaka leo nikipita barabara ile naiangalia kwa jicho la pembeni. Mwanangu, nasikia umenunua gari lenye tairi pana na laini, na unajisifu kwa wenzako kwamba hata ukikata kona kwa kasi hazitoi sauti. Hebu kaa kwanza. Mimi kitu kisichotoa sauti nakishuku, na nina sababu zangu.

Siku hizo nilikuwa naendesha gari dogo la kukodi, nikipeleka watu na mizigo kati ya Migori na Isebania. Tairi zetu zilikuwa zile ngumu, zilizotengenezwa zidumu, nazo zilikuwa na mdomo. Ukiingia kona ya lami kwa haraka kidogo tu, zinapiga yowe hadi mbuzi kando ya barabara wanageuza shingo. Sisi madereva tulijifunzia kazi hapo. Mshale wa mwendo ulikuwa umekufa zamani katika magari mengi, kwa hiyo hatukutazama, tulisikiliza. Tairi ikilia, ondoa mguu kwenye mafuta. Ikinyamaza, rudisha. Aliyenifundisha udereva alinifundisha hivyo, naye alifundishwa hivyo hivyo, na sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kuuliza kama kila tairi inajua kulia.

Basi tairi zangu zilipoisha meno, nilikwenda kwa muuza tairi mmoja pale Isebania, mtu wa kucheka sana. Tairi zake kuukuu zilitoka mbali, zilishuka kutoka magari ya mwendo wa kasi.

"Hizi ni za gari ya resi, mkubwa," aliniambia, akiipiga moja kofi kama ng'ombe wa mnada. "Hizo zako zinalia kama mtoto. Hii hata ukate kona namna gani, hutasikia kitu. Kimya!"

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nilimwona huyu anaitembeza bidhaa yake kupita kiasi. Nilipapasa ndani kutafuta kiraka. Nilinusa. Nilimuuliza gari lililozivaa lilikufa vipi, na kama mwenyewe alitoka mzima.

"Kwani wewe ni polisi?" akaniuliza, bado anacheka.

Sikupata kasoro, nikazinunua. Nilikuwa nimekagua kila kitu isipokuwa kile kile alichokuwa akikisifu. Na kweli, kwa siku kadhaa zilishika lami vizuri ajabu, hata nikaanza kujisikia raha.

Kisha simu ikaja. Mke wangu Akinyi alikuwa mjamzito, tena mimba ya kwanza, naye alikuwa amekwenda kukaa kwa dada yake Homa Bay ili awe karibu na hospitali. Dada mtu akaniambia uchungu umeanza vibaya, mtoto amekaa upande, madaktari wanataka kumpasua. Akinyi analia, anamtaka mama yake kabla hajaingizwa ndani. Mama huyo alikuwa Rongo, akiuza nafaka sokoni. Nilitoka Migori bila hata kufunga mlango wa nyumba.

Hapa lazima nikueleze jambo, kwa sababu ninyi wa leo mnakula sahani moja na wakwe zenu. Kwetu Wajaluo wa wakati ule, mwanamume na mama mkwe wake walikuwa wakiheshimiana kwa kukaa mbali. Hampeani mkono. Hamtazamani usoni. Kukaa ndani ya gari moja kwenyewe kulikuwa jambo la kuombewa ruhusa, lakini siku hiyo nani angeomba, na kwa nani? Shemeji yangu Ouma, kaka yake Akinyi, mtu mzima mwenye karakana ya kuchomelea vyuma hapo Rongo, alikaa mbele pamoja nami ili maneno yapitie kwake. Mama akakaa nyuma, akafunika kichwa kwa leso na kugeukia dirishani.

"Mwambie mama tutafika mapema," nilimwambia Ouma.

"Mama, anasema tutafika mapema," Ouma akasema, ingawa mama alikuwa nyuma ya kiti changu na masikio yake hayakuwa na shida yoyote.

Mama hakujibu. Nami, mwanangu, nilianza kumshuku. Siku ya mahari nilisikia ya kwamba alisema dereva si mume, ni mgeni anayelala kwako mara moja moja. Kwa hiyo kimya chake nilikisoma kama dharau. Nikasema moyoni, leo huyu mama ataniona mimi ni nani. Nikakanyaga mafuta.

Kona ya kwanza niliikata kwa kasi, nikatega sikio. Kimya. Nikajua bado nina nafasi. Kona ya pili nikaongeza. Kimya. Ouma alishika mpini wa mlango lakini alikuwa mtu wa kunicheka siku zote, na mbele ya mama yake hakutaka aonekane mwoga. Kwenye kioo nilimwona mama amefumba macho, na midomo yake inachezacheza. Nilidhani ananilaani. Kumbe mwenzangu alikuwa anasali.

Tulipopita Rodi, njia ikaanza kuteremka kuelekea ziwani. Kuna kona moja hapo, nzuri kwa macho, lami yake laini na kavu. Niliingia nikisubiri tairi zinionye. Hazikunionya. Nilichosikia ni usukani kuwa mwepesi mkononi, mwepesi wa ajabu, na kiti kikinisukuma kiunoni kwa upande. Kisha nyuma ya gari ikaamua kwenda mbele. Tukazunguka, tukatoka barabarani, tukapita juu ya majani na kusimama tukitazama tulikotoka, hatua chache kutoka kwenye mawe makubwa yaliyopangwa kuwa ukuta wa shamba la mtu. Hata hapo hakuna tairi iliyolia. Nilisikia majani yakikwaruza chini ya gari, basi.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Nilishuka nikaipiga teke tairi ya nyuma.

"Nimeuziwa uchawi!" nilimpigia Ouma kelele. "Yule mtu wa Isebania alijua. Ndiyo maana alikuwa anacheka. Nikitoka hospitali naenda moja kwa moja kumshika shati!"

Ouma alikuwa amekaa chini kwenye majani. Hapo mlango wa nyuma ukafunguka. Mama akashuka, akalizunguka gari, akaja akasimama mbele yangu na kunitazama usoni. Nilitaka kugeuka, akanizuia kwa mkono. Hakusema Dholuo. Alinisemesha kwa Kiswahili, kile anachotumia na wateja wake sokoni, na nadhani alikichagua makusudi, kwa sababu katika lugha yetu maneno yale yangekuwa ya aibu kubwa mno.

"Wewe kijana, wacha hiyo tairi," alisema. "Mimi nilijua kutoka ile kona ya kwanza. Tumbo yangu ilienda upande, nikajua hii gari inateleza. Nikanyamaza juu wewe ni mkwe wangu. Huyu Ouma pia alijua, akanyamaza juu anaogopa umcheke. Sasa ona. Wewe unangoja tu kitu ipige kelele ndio ujue imeharibika?"

Nikajaribu kusema samahani.

"Mtoto yangu ananingoja," akanikatiza, na sauti yake ikavunjika. "Akiingia huko ndani kama hajaniona, na mimi nimekufa hapa kwa sababu ya heshima, hiyo heshima itamsaidia nini? Ouma, enda nyuma."

Akakaa mbele, kando yangu, na kila kona kabla hatujaifikia alisema, "Pole pole." Niliona aibu, mwanangu. Lakini niliona na raha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, maana kulikuwa na mtu anayeniambia ukweli.

Tulifika wakiwa tayari wamemlaza Akinyi kwenye kitanda cha magurudumu. Mama alikimbia, akamshika mkono, wakaongea kidogo mlangoni, na Akinyi akaacha kulia. Alitoka mzima, na binti yetu yuko Uriri leo na watoto wake. Wazee wa ukoo waliposikia nimesemeshwa uso kwa uso na mama mkwe walinung'unika, nikapeleka mbuzi kwao kwa adabu, yakaisha. Mama hakunisemesha tena moja kwa moja mpaka tulipomzika. Na mimi niliyekuwa nikidhani ananichukia nililia kaburini kuliko wanawe wengine.

Kwa muuza tairi nilikwenda pia, sikufichi, na kifua changu kikiwa mbele. Kumbe tairi zake hazikuwa na kosa lolote. Nilikuja kuelewa polepole, kwa kuuliza huyu na yule na kwa kuzibonyeza kwa kidole gumba. Tairi hulia kwa sababu meno yake yanashika lami, yanaachia, yanashika tena, haraka haraka mno, na mtetemo huo ndio yowe unalosikia. Pitisha kidole kilicholowa juu ya sahani safi utaisikia sauti yenyewe. Mpira mgumu wenye meno mengi madogo hutetemeka mapema, ungali na nafasi ya kujirudi. Mpira laini wa gari la kasi, wenye meno mapana, huumeza mtetemo wake. Unashika zaidi, ndiyo, lakini siku ukiachia unaachia kimya, na habari zinakufikia kupitia usukani na kiti, si kupitia sikio. Na hata hizo ngumu zinazolia, mvua ikinyesha nazo hunyamaza. Aliyeniuzia alisema kweli tupu. Kikulacho ki nguoni mwako: nilimshuku yeye, nikamshuku mama wa watu, nikaacha kulishuku sikio langu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi tunaliimba tu bila kulitafuna. Basi nasaha yangu ni hii. Gari lako jipya, liendeshe kwa mikono na kiuno. Usukani ukilegea, umeshachelewa kidogo, punguza taratibu bila kushtuka, usingoje sauti ambayo haimo. Hilo ni la barabarani. Nyumbani kwako nako, yule aliyekuwa akikugombeza na sasa hakugombezi, usimsifu kwamba ametulia. Labda anakuheshimu, labda anakuogopa, labda amechoka, na huenda mnateleza wote wawili. Nenda kamuulize leo, kabla hujala.

Mungu akulinde njiani, mwanangu, na aibariki mikono yako kwenye usukani. Akujalie mke, ndugu na marafiki wasiokuonea haya, na siku ukipotoka, apatikane mmoja wao wa kukuvunjia heshima ili ufike.