Daktari Aliyegoma Kutoa Kioo
Daktari aliyelijenga upya jino la mbele la dada yangu ana mazoea ya kuongea na jino lenyewe. “Tulia, mwenzangu,” aliliambia, huku akipaka resini nyeupe tabaka juu ya tabaka na kuigandisha kwa taa ya buluu. Mimi nililiona limependeza. Yeye akaguna, “Limenyooka mno, wenzake watalikataa,” akalisugua kidogo pembeni. Dada akaomba kioo, daktari akamnyima, akamwambia:

“Kwanza cheka, mdogo wangu. Nataka kuliona likicheka.”

“Siwezi kucheka kwa kuamriwa!”

“Basi tutalala hapa hapa,” akasema daktari, akavuta kiti, akakunja nne.

Dada akaangua kicheko, na kiganja kikapanda kuziba mdomo, kama kilivyozoea tangu alipoanguka na kulivunja jino hilo. Daktari akakidaka hewani, akakishikilia mpaka kicheko kilipokwisha.