Bomba la Makoye na Pete ya Mama Limi
Pale Rwamgasa, kwenye machimbo ya Geita, ukimtaja Makoye, watu wa zamani wanamkumbuka kwa kuchoma dhahabu. Miaka kumi na minane alikaa mwaloni, pale wanapooshea dhahabu, akichoma, zebaki itoke, dhahabu ibaki, na moshi wote ule akauvuta yeye. Mikono ikaanza kumtetemeka. Ulimi nao ukafa: pilipili, chumvi, sukari, vyote kwake sawasawa. Mkewe Suzana, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Limi, akamwambia waziwazi, "Baba Limi, chagua. Huo moshi au mimi." Makoye akachagua vizuri, haki yake nampa. Akaacha kazi, akabaki na kuku na kishamba cha mpunga.

Sasa mtu aliyezoea kuchanganya na kuchemsha, umkalishe bure? Thubutu! Akaanza mchezo wa vinywaji. Ananunua pombe kali dukani, anaroweka humo ukwaju, tangawizi, maganda ya machungwa, asali ya porini, kila kitu na chupa yake, na kila chupa na kipande cha daftari kilichoandikwa tarehe. Kabati la vyombo likajaa, sufuria zikahamia chini ya kitanda. Hakuuza hata tone. Zilikuwa raha zake tu.

Lakini jamani, mtengeneza vinywaji asiye na ulimi! Ulimi ulikuwa wa Mama Limi. Jioni, akishafungia kuku, anaketi jikoni, mumewe anampa kikombe kidogo amekishika kwa mikono miwili kisimwagike, kisha anamkodolea macho.

"Tangawizi imezidi."

"Na hii?"

"Hii kampe mbuzi."

Wanacheka mpaka jirani anauliza kulikoni. Miaka thelathini ya ndoa, na mimi naona hawakuwahi kupendana kama enzi zile za vikombe.

Mwaka jana binti yao Limi akapata mchumba kutoka Masumbwe, na wakwe wakataja siku ya kuja. Makoye akataka kinywaji ambacho wangekisimulia hadi kwao. Shida, ukwaju uliacha tope chupani. Akaamua kukichemsha, mvuke upite kwenye bomba, upoe, udondoke safi kama maji. Bomba alikuwa nalo, la chuma. Lilitoka kwenye kile chombo cha kunasia moshi wa zebaki alichopewa kwenye semina miaka yake ya mwisho kazini, na lilikuwa limelala stoo tangu aache.

Msiniambie hakujua. Alijua! Ndiyo maana alilisugua kwa majivu, akalichemsha mara tatu, kisha akalinusa. Halikunuka, akaridhika. Mtu wa zebaki miaka kumi na minane, ananusa zebaki! Kwani ina harufu? Nikifika hapa hasira zinanipanda. Hamu ya kusifiwa na wakwe ilimfumba macho.

Wiki tatu alichemsha, Mama Limi yuko pembeni ya jiko akionja.

"Hii ndiyo yenyewe, Baba Limi. Wabeja," alisema siku moja. Akifurahi kweli hushukuru kwa Kisukuma.

Fizi zilikuwa zimeanza kumuuma, na mkono ukimcheza akitunga uzi kwenye sindano. Akasema ni uzee.

Siku mbili kabla ya wageni alikuwa akiosha bakuli la kukingia kinywaji. Akapitisha vidole chini kabisa, akasugua. Alipoinua mkono, pete yake ya ndoa, ile iliyotengenezwa kwa dhahabu ya kwanza ya Makoye, ilikuwa nyeupe upande mmoja kama bati jipya. Rwamgasa hata mtoto anajua ni nini kinachoigeuza dhahabu nyeupe.

Alimfuata mumewe uani, akanyoosha mkono mbele yake.

"Ule moshi umeuleta nyumbani," alisema.

Makoye alitazama pete, akatazama ule mkono ulivyokuwa ukitetemeka, akakaa chini vumbini akalia kwa sauti. Tarehe zote za kuonja alikuwa ameziandika mwenyewe kwenye zile chupa.

Mjini Geita daktari alimpima Mama Limi, akasema zebaki imo mwilini, na nyingi aliivuta na ule mvuke wa jikoni. Itapungua taratibu, ila mkono huenda usitulie tena. Wakwe walipokuja walipewa soda.

Baadaye Makoye aliomba pete. "Niichome kidogo tu, irudi rangi yake."

"Hakitachomwa kitu tena kwenye nyumba hii," Mama Limi alijibu, na anaivaa hivyohivyo hadi leo.

Jioni Makoye bado anatengeneza, ukwaju na asali tu, bila pombe. Ila sasa anakunywa yeye kwanza, kisha anasubiri kitambo, kama kina madhara yampate yeye.

"Ikoje?" anauliza mkewe.

"Sijui," anajibu, na kweli hajui, maana ulimi wake hausikii ladha. Ndipo anampa, na mikono yao minne inakishika kikombe kimoja kisimwagike.