Nilivyoitwa Muleba kupaka rangi makabati ya bafuni, kumbe mzee anatafuta mke

Wakuu, poleni na majukumu.

Uzi ni mrefu kidogo, mwenye mboga jikoni aepue kwanza. Yote nitakayosema yametokea na sijaongeza chumvi, ila majina nimebadilisha kwa sababu dada yangu anapita humu na ana mkono mzito.

Mimi ni mzaliwa wa Muleba, naishi Bukoba mjini, pande za Buhembe. Ndiyo, ni Mhaya. Najua mnachotaka kuandika hapo chini kuhusu majivuno yetu. Andikeni tu, tumeshazoea.

Baba yangu, ambaye sisi kwetu tunamwita Tata, ni bwana shamba mstaafu. Anaishi peke yake Muleba kwenye nyumba aliyoijenga ujanani. Mama alitutoka miaka mitatu iliyopita. Watoto tuko wawili tu, mimi na dada yangu mkubwa, tumwite Leokadia. Ni mwalimu, mtu wa kwaya, na mtu ambaye akiuliza swali unajikuta umesimama wima.

Sasa bafu la hiyo nyumba lina makabati mawili ya mbao. Moja liko chini ya sinki, lingine limepigiliwa ukutani na lina kioo mlangoni. Ni mvule wa zamani, ukigonga unaumia wewe. Rangi yake ilikuwa ile kijani ya ofisi za serikali. Namna rangi ya ofisi ilivyofika bafuni kwetu ni jambo ambalo mzee hajawahi kuulizwa, na sitaanza mimi leo.

Siku moja Tata akanipigia simu. Huwa hapigi, huwa anabipu. Siku hiyo alipiga na hela yake mwenyewe.

Akasema makabati ya bafuni yamechoka, niende Jumamosi nikayapake rangi. Rangi ninunue Bukoba, isiwe nyeupe ya hospitali, iwe rangi ya maziwa. Nikamwambia mafundi wamejaa hapo Muleba. Akasema hataki fundi aingie bafuni kwake.

Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilikuwa nimeshaangalia video za kutosha mtandaoni na kichwani tayari ni fundi. Kuna mzungu mmoja anapaka makabati amevaa shati jeupe, anapiga stori, na mpaka anamaliza hana hata tone. Nikasema mbona rahisi hii.

Nikaingia hardware, nikachukua kopo la rangi ya maji, brashi na rola. Muuzaji akaniuliza naenda kupaka nini. Nikamwambia ukuta, maana sikutaka maswali mengi.

Jumamosi asubuhi niko Muleba.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni masharubu ya Tata. Yalikuwa meusi tii. Huyu mzee ana mvi tangu nikiwa sekondari. Kichwa kilikuwa bado cheupe kama pamba, ila masharubu ni ya kijana wa chuo.

Nikamwamkia huku nimeinamisha macho kwenye viatu vyake ili nisicheke. Viatu navyo vilikuwa vimeng'arishwa. Nikajisemea, kumbe wiki hii kila kitu humu ndani kinapakwa rangi.

Bafuni nikakuta makabati yako tupu. Vitu vya mama alikuwa ameviweka kwenye boksi, kalisogeza pembeni ya mlango. Poda yake, glisarini iliyobaki nusu, rola za nywele, kitana. Kwa miaka yote mitatu vilikuwa mle mle kabatini. Nikija Krismasi nafungua nichukue sabuni, naviona, nafunga. Nikadhani kavitoa ili nifanye kazi vizuri.

Nikafungua milango ya makabati kwa bisibisi, nikaanza kupaka. Wakuu, ile rangi ilikubali. Mpaka mchana makabati yanawaka. Nikapiga picha, nikarusha kwenye group la familia na maneno "Kazi ya mikono yangu".

Kumbukeni nimesema mimi ni Mhaya.

Jumapili asubuhi naingia kunawa uso, nikagusa mlango wa kabati kwa ukucha nione kama umekauka. Rangi ikainuka. Nikavuta kidogo. Ikaja yote, kama ule utando wa juu ya maziwa yaliyopoa.

Kwa wasiojua kama mimi nilivyokuwa: rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayoteleza, bila kupiga msasa, haishiki kabisa. Inakaa pale juu kama abiria asiye na tiketi.

Tata akaja kuona. Akashika pembeni kwa vidole viwili, akavuta kutoka juu mpaka chini, taratibu, kama anamenya ndizi. Akauliza kama kwenye zile video nilizomsimulia mzungu naye anafika hapa.

Kisha akaangalia saa, na nikaona kabisa kwamba mzee ana wasiwasi. Akanituma mtaani haraka nikatafute msasa, undercoat, yaani rangi ya kwanza ya kushikilia, na rangi ya mafuta. Duka nililopata lilikuwa limefungua nusu mlango kwa sababu ya ibada. Safari hii nilimwambia muuzaji ukweli wote.

Tukaiweka ile milango barazani, kila mtu na kipande chake cha msasa, tunasugua. Sijui kama mmewahi kufanya kazi ya mikono na baba zenu mkiwa watu wazima. Hamtazamani. Maneno yanatoka yenyewe.

Akaniambia kuna mama mmoja.

Anaitwa Mama Jesca, mjane, mfanyabiashara wa samaki. Si Mhaya. Alikuja miaka hiyo kwenye visiwa vya ziwani na mume wake mvuvi, mume akafariki, yeye akahamia huku juu na sasa ana meza yake sokoni Muleba. Anauza dagaa na sangara wa kukaushwa. Hapo hapo nikaelewa kwa nini Krismasi iliyopita tulikula samaki mpaka tukaanza kuulizana.

Tata akasema walizoeana taratibu, mpaka siku moja akamkaribisha nyumbani chai. Mama wa watu akaomba kunawa, akaingia bafuni, akafungua kabati atafute sabuni. Akakutana na vitu vya mama. Akafunga, akarudi, akamaliza chai yake vizuri tu. Wakati wa kuondoka akamwambia, "Mzee, mwenye nyumba bado yupo."

Hakurudi tena.

Basi mzee akakaa na hilo neno wiki kadhaa, mwisho akavitoa vile vitu mwenyewe. Hakutaka fundi avione, hakutaka mtu avishike. Akampelekea Mama Jesca salamu aje Jumapili alasiri. Yaani siku ile ile tuliyokuwa tunasugua. Kwa hesabu zake, makabati yangekuwa yamekauka tangu jana.

Nilisugua ule mlango mpaka mbao ikaanza kuonekana. Mama ni mama, wakuu. Lakini pia nilikuwa namtazama mzee mwenye masharubu meusi ambayo vumbi la msasa lilikuwa limeshayarudishia mvi zake, na nikashindwa kumkasirikia.

Nikamuuliza, na Leokadia je? Akasema Leokadia ataambiwa polepole.

Kumbe polepole yenyewe ilikuwa imeshapanda gari.

Ile picha niliyorusha kwenye group, pembeni kulikuwa na boksi. Watu wengine waliona makabati, wakaweka vidole gumba. Leokadia akakuza picha, akaona rola za mama. Alipiga tangu alfajiri, simu yangu iko chumbani inachaji. Alivyomaliza kuimba misa ya kwanza hakurudi hata kwake.

Tulikuwa tumeshapaka undercoat kila mahali aliposhuka na kitenge chake cha kanisani. Alimwamkia Tata, maana adabu haikumtoka. Mimi hakunitazama. Akaingia ndani moja kwa moja mpaka bafuni, akafunga mlango.

Tukasubiri. Nilitaka kumwambia kwamba rangi ni mbichi, nikaona bora rangi iharibike kuliko mimi.

Alipotoka alikuwa na undercoat kuanzia paji la uso mpaka begani. Alikuwa ameegemea lile kabati la ukutani analia. Akasema kwa Kihaya, sauti ya chini kabisa, ambayo kwake ndiyo mbaya kuliko zote: vitu vya mama vinakaaje kwenye boksi kama mzigo wa kutumwa? Na kwa ajili ya nani?

Tata hakusimama. Aliendelea kushika ule msasa.

"Nyie hilo kabati mnaliona Krismasi," akasema. "Mimi nalifungua kila siku. Nachukua wembe, nafunga, nakutana na sura yangu kwenye kioo. Kuna siku hata sinyoi."



Leokadia akakaa kwenye ngazi ya baraza. Nikampelekea kitambaa chenye tina, ile ya kuyeyushia rangi, afute uso, akaniambia tina yangu niipeleke huko huko nilikoitoa. Nikarudi nayo pembeni. Baadaye akaangalia ule mlango wa kabati niliokuwa nimeupaka, akasema nimeacha mistari ya brashi kama mtu anayepaka josho la ng'ombe. Akaninyang'anya brashi.

Hapo ndipo Mama Jesca akatokea getini.

Nilikuwa nategemea sijui nani. Ni mama mnene wa wastani, nywele fupi, kandambili, ndoo ya samaki wabichi mkononi. Akasimama. Mbele yake kuna mzee mwenye vumbi mpaka kwenye masharubu, mwanaume mzima kashika kitambaa cha tina, na mwanamke wa kitenge cha kanisani mwenye uso nusu mweupe.

Leokadia akamuuliza Tata kwa Kihaya, bila kumtazama mgeni, "Ndiye huyu?"

Kwa wasiotufahamu: nyumbani kwetu tunaongea Kihaya. Akija mgeni asiyekijua, tunahamia Kiswahili. Ukiendelea na Kihaya mbele yake unakuwa umemfungia mlango usoni, na Leokadia anajua hilo kuliko mtu yeyote.

Tata akajibu kwa Kiswahili. "Ndiye huyu. Anaitwa Mama Jesca."

Mimi nilikuwa naangalia samaki.

Mama Jesca akaweka ndoo chini. Alikuwa ameshaliona boksi, maana Leokadia alitoka nalo bafuni akaliweka ngazini. Akamwambia Tata, "Mzee, mimi sikusema uvitoe. Nilisema yupo. Hata kwangu shati la marehemu liko mlangoni mpaka leo, na nikitoka nalipangusa vumbi."

Mzee kaita mtoto kutoka Bukoba, kaagiza rangi mara mbili, kapaka mpaka masharubu, kumbe hakuelewa alichoambiwa. Mwanaume ukipenda unakuwa mjinga kwa umri wowote, hilo niandikieni.

Leokadia akaiweka brashi juu ya kopo. Halafu akauliza, kwa Kiswahili, "Shati la namna gani?"

"La mistari. Alikuwa akilivaa Jumapili."

"Mama naye alikuwa na poda yake ya Jumapili," Leokadia akasema. Akasogea kidogo pale ngazini, ikapatikana nafasi ya mtu mwingine. "Karibu mama. Ila usiguse mlango, rangi mbichi."

"Nimeona. Umeipaka mpaka usoni."

Nikajiandaa kukimbia. Leokadia akacheka kwa pua. Si kicheko kikubwa, ila nakijua.

Wale wanawake walikaa pale mpaka jua likageuka, wanaongea habari za marehemu wao, wanapara samaki. Mimi na Tata tukarudi bafuni kupaka rangi ya maziwa. Hakuna aliyetuhitaji. Tata alikuwa ananiuliza kwa kunong'ona wanasema nini, namwambia sisikii.

Ilivyokuja kuisha: Mama Jesca sasa yuko pale nyumbani, walibarikiwa kanisani bila mbwembwe. Sitawadanganya kwamba Leokadia ni asali. Kuna siku akiamka vibaya anamwita "yule mama". Lakini anaenda, na anaongea Kiswahili. Vitu vya mama tuligawana. Mimi nilipewa kitana, na wakuu mimi nina upara.

Nilichojifunza. Piga msasa kwanza, hata kama mzungu kwenye video hajapiga. Rangi ya mafuta iwekewe rangi ya mafuta. Usirushe picha kwenye group la familia kabla hujaangalia pembe zote nne.

Na hili la mwisho. Mimi nilikuwa nampigia mzee kila wiki, namuuliza mzima, ananijibu mzima, tunakata. Sikuwahi kumuuliza anakula na nani. Wenye wazee waliobaki peke yao, ulizeni hilo. Majibu mengine yatawashangaza, na huenda yakawagharimu wikiendi nzima na kopo la rangi.

Karibuni mtoe yenu. Nyumba nyingine mlifanyaje mzee alipotaka kuoa? Matusi kwa Wahaya pia yanapokelewa.

Na kama humu kuna fundi rangi wa kweli, naomba anisaidie: upande wa bawaba za lile kabati la ukutani rangi bado inanata, na Mama Jesca ameanza kunitazama vibaya.