Mwenye Hendeli Amebeba Zamu

Mume wangu Révérien hajui kukaa. Ukimpa kiti, mguu mmoja uko chini na mwingine umeshaondoka. Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake walitoka Burundi, na nadhani ile safari yao bado inamtembea miguuni. Mimi ni Mpimbwe wa Usevya. Kwetu tunapanda, tunasubiri, tunavuna. Nikaolewa na mtu ambaye hata uji hangoji upoe, anaunywa unachemka huku amesimama mlangoni.

Pale Mpanda mjini ana kibanda, anatengeneza simu, redio na taa za sola. Kibanda hicho na nusu eka yangu ya mpunga Mwamkulu ndivyo vinavyotulisha. Lakini kinachomnyima raha ni lango la maji.

Kwenye mfereji wetu maji huenda kwa zamu. Zamu yako ikifika, unapewa hendeli ya chuma, moja tu kwa mfereji mzima. Unafungua lango la shamba lako, unasubiri maji yafike kipimo, unafunga, unampelekea hendeli anayefuata. Zamu hairudi mpaka siku nane zipite. Ukienda kunywa chai ukasahau, maji yanamfurikia jirani. Révérien akasema lango linaweza kujifunga lenyewe. Alichukua mota ya waipa kwenye gari bovu, boya la plastiki na bodi ndogo ya kompyuta yenye ukubwa wa kiberiti, akavifunga kwenye lango letu. Maji yakianza kuingia, na tena lango likijifunga, bodi inanitumia ujumbe kwenye simu.

Zamu ya kwanza mashine ilifanya vizuri, nikatamba. Zamu ya pili mtandao ulikatika. Bodi ikang'ang'ana kutuma ujumbe, maji ikayasahau, kitalu cha jirani yetu Makoye kikafurika. Makoye hakutukana. Alitutazama tu, akaenda zake, na mimi niliona afadhali angetukana.

"Shida yake inafanya kazi kwa foleni, Mama Aurélie," Révérien aliniambia. "Inatakiwa iwe na mfumo wa kugawa zamu humo ndani. Kazi kubwa ikija, ndogo inapisha hapohapo."

Mfumo huo ulikuwepo. Watu wa mbali waliuandika, wakautoa bure, ila kwa bodi za aina nyingine. Yake ilikuwa ya bei rahisi na hakuna aliyewahi kuuhamishia huko. Ilibidi aufundishe upya jinsi chipu ile inavyohesabu muda, na jinsi ya kuacha kazi katikati kisha kuirudia bila kupotea. Alinieleza kuwa ni sawa na kumpeleka mpishi kwenye jiko la watu: kupika anajua, chumvi iko wapi hajui. Miezi minane alimtafutia mpishi wake chumvi. Hata kanisani alikuwa anaandika namba kiganjani, nikawa namkanyaga mguu mbele ya mashemasi.

Mwishowe mfumo uliwaka. Ulikuwa na kazi tatu. Kubwa ilikuwa kupima maji na kufunga lango. Ya kati ilikuwa kutuma ujumbe. Ndogo kabisa ilikuwa kuandika kumbukumbu kwenye kadi. Alijaribu nyumbani kwenye beseni la kufulia, kwa lango dogo la mfano, likapanda na kushuka vizuri. Lakini kila baada ya siku mbili tatu bodi iliganda, beseni likamwagika, na mimi nikapiga deki. Alizunguka ile nyumba mpaka nikahisi kizunguzungu mimi.

Nitasema ukweli: nilichoka. Nilitaka mume anayekaa.

Mvua zikachelewa, mbegu tukaziloweka hivyohivyo. Machibya, mwenyekiti wa kamati ya mfereji, akaja nyumbani.

"Baba Aurélie, tunakuheshimu," alisema. "Zamu yenu hiyo inayokuja ndiyo nafasi ya mwisho ya mashine. Ijifunge yenyewe mbele yetu. Mtu akishika hendeli kuisaidia, mnaing'oa siku hiyohiyo. Sijui tumeelewana?"

Tulielewana. Mbegu zilikuwa zinakaribia kuchipua kwenye gunia, na mbegu iliyochipua haisubiri kamati. Ningezimwaga kitaluni siku mbili kabla ya zamu. Maji yakizidi yanazisomba zote, na nyingine sikuwa nazo.

Siku moja wiki hiyo zamu ilikuwa ya mama mmoja wa juu ya mfereji, na mimi nilikuwa namsaidia. Alipomaliza, akanituma nimpelekee hendeli Machibya, ambaye ndiye aliyefuata. Njiani Makoye akanisimamisha. Siku hiyo alikuwa amepata maneno, na yote yalihusu kitalu chake. Nilitamani kujibu. Lakini wanawake waliokuwa wanapalilia wakapiga kelele, "Makoye, mwache! Amebeba zamu!"

Makoye akapisha papo hapo. Ndiyo desturi yetu: mwenye hendeli inayosubiriwa haguswi wala hasemeshwi. Hata awe mtoto, anapishwa kama anavyopishwa yule anayemngoja. Akishaikabidhi, anarudi kuwa mtu wa kawaida, mtukaneni mnavyotaka.

Nilifika nyumbani nimefura. Nikamweleza Révérien mambo yote, nikitegemea pole. Akaacha kuzunguka.

"Rudia hapo. Wakampisha nani?"

"Mimi! Hunisikilizi?"

"Wewe ni mdogo, ila umeshika kitu anachosubiri mkubwa."

Pole sikupata. Alikaa chini sakafuni, akakaa kweli, na kompyuta mapajani. Kazi ile ndogo ya kuandika kadi ilikuwa inashika waya ambao kazi ya maji inautaka. Kabla haijauachia, ile ya kutuma ujumbe inaikatiza, inahangaika na mtandao. Mdogo amesimamishwa njiani na hendeli mkononi, mkubwa anangoja shambani. Wenye mfumo walishaliona hilo na walikuwa wameandika sehemu ya kumpa mdogo heshima ya mkubwa mpaka aachie. Révérien aliikata mwenyewe wakati anahamisha, ili mfumo utoshe kwenye kumbukumbu ya bodi. Aliiona kama pambo.

"Mjinga mimi," alisema. Sikumbishia. Akairudisha, akatoa vingine. Beseni halikumwagika tena, lakini zilibaki siku nne tu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa na tabia ya kujificha.

Asubuhi ya zamu walikuja wote. Kamati, Makoye, hata wasio na shamba. Mtandao ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Nilishika hendeli, maana zamu ilikuwa yangu, na jasho lilinitoka kama nachimba. Révérien alikuwa anakanyaga tuta mbele na nyuma mpaka Machibya akamwomba asiubomoe mfereji.

Lango likafunguka. Maji yakaingia kitaluni, yakapanda kwenye kijiti cha kipimo, yakafika alama. Lango halikutikisika.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amesimama kabisa. Nikatazama mbegu zangu, zile za pembeni zikaanza kuelea. Miezi minane ya mtu huyu, na chakula cha mwaka mzima. Nikaichomeka hendeli kwenye tundu lake.

"Mama Aurélie," aliita, sauti ndogo. Hakusema nisifunge.

Nikakaza vidole ili nizungushe. Mota ikanguruma. Hendeli ikaniponyoka, ikazunguka, ikanipiga kwenye kifundo cha mkono nikaona nyota mchana. Lango likashuka mpaka chini, maji yakatulia.

"Ameshika!" mtu mmoja akapaza sauti. "Amezungusha!"

Kukawa na ubishi wa kila mdomo. Makoye ndiye aliyekuja, akauinua mkono wangu mbele ya Machibya. Ulikuwa umeshaanza kuvimba.

"Angezungusha yeye, hendeli ingempiga?" akauliza. "Huyu kapigwa na mashine. Mashine imemtangulia."

Machibya akaubonyeza uvimbe kwa kidole, nikapiga yowe, akaridhika. Mashine ikabaki.

Révérien alinifunga mkono kwa kitambaa.

"Nilikuwa nafunga kweli," nikamwambia. Sikutaka kudanganya.

"Najua. Niliipa sekunde kumi ilitazame boya mara mbili, isije ikadanganywa na wimbi."

Nikamtazama. Miezi minane amenieleza chipu, waya, mpishi na chumvi, wakati wa kula na wakati wa kulala. Sekunde kumi hizo hakunieleza.