Maandazi ya Koko Chini ya Chombo cha Mwezini

Mnisamehe kwanza mwandiko wangu na herufi ninazokosea. Kiswahili sikufundishwa kukiandika shuleni, na ukurasa mmoja hunichukua siku mbili.

Enzi zetu, sisi watoto wa Kikongo tuliokulia Stratford, mashariki mwa London, miaka ya tisini, Jumapili ilikuwa kanisa, wali na maharage, kisha kuruka kamba kwenye ngazi za ghorofa mpaka jirani wa chini agonge dari kwa mpini wa ufagio. Wadogo zetu wa leo wakikaa dakika tano bila kubofya simu, wanasema wanaumwa.

Jumapili moja Mama alinipeleka makumbusho pamoja na Koko, ndivyo nilivyomwita nyanya yangu, tukaone chombo cha kutua mwezini. Nilikuwa na miaka tisa. Koko alikuwa ametoka Bukavu juzijuzi, na maombi yetu ya ukimbizi yalikuwa bado Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji, hayajajibiwa. Mama alituonya kila siku: tukiitwa na polisi hata mara moja, tutarudishwa.

Chombo kilisimama nyuma ya kamba kwa miguu minne myembamba, tumbo limefungwa karatasi ya dhahabu iliyokunjamana kama ya chokoleti. Nilimsomea Koko kibao: watu wawili, hakuna viti.

"Safari yote hiyo wamesimama?" aliuliza kwa huruma.

Mama alikwenda chooni, nami nikageukia vazi la mwanaanga. Kwao Koko, aliyetoka safari ya mbali haendewi mikono mitupu. Basi alichukua maandazi yetu ya njiani, yaliyofungwa ndani ya kitenge, akapitisha mkono chini ya kamba na kuyaweka mguuni pa chombo. Kisha akaja kusimama nami.

London ya miaka ile ya mabomu mitaani, furushi lisilo na mwenyewe lilikuwa bomu mpaka ithibitike si bomu. Mlinzi aliliona, akasema kwenye redio yake, watu wakaanza kutolewa ukumbini. Koko akanishika mkono.

"Mama, uwaambie," alininong'oneza, maana wasichana wote aliwaita mama.

Mwalimu wangu mwenyewe alikuwa hajaijua sauti yangu. Nikafikiria Croydon. Tungeweza kutoka na wenzetu kimya, asijue mtu. Lakini Koko hakuuachia mkono wangu. Nikamwambia mlinzi kwa Kiingereza, sauti kama ya mbu, kwamba ni chakula cha nyanya yangu, amewaletea wasafiri.

Alimwacha Koko afungue mwenyewe. Harufu ya iliki ikapanda. Mlinzi akanieleza taratibu kwamba chombo hiki hakikwenda popote. Vilivyokwenda viliachwa hukohuko. Nikamtafsiria Koko.

"Basi huyu ndiye aliyebaki nyumbani," alisema. "Naye anakula."

Nilipomweleza mlinzi, alicheka, akachukua andazi moja. Hakuandika majina yetu. Mama aliporudi na kusikia habari, aliketi sakafuni palepale.

Leo watoto wetu hapa wanaongea bila kumwogopa mtu, nami nafurahi. Lakini nyanya akiuliza kwa Kiswahili, wanamjibu Kiingereza macho yao yakiwa kwenye simu, naye ananyamaza. Sisi tulikuwa waoga, ila wazee walituegemea, na mtoto anayeegemewa hukua haraka. Wenzangu mliowasemea wazee wenu madukani na hospitalini, niandikieni. Nataka kujua siku ile ya kwanza mlisema nini.