Mluzi Nyuma ya Dashibodi

Wateja walimwita Mama Sikio. Mumewe, mshona viti vya magari, alimwita fundi tu. Ni miaka miwili sasa tangu mke huyo atangulie mbele ya haki, na ovaroli yake bado haijatoka msumarini.

Alikuwa mfupi, mkono mzito kwa spana, mdomo mwepesi kwa utani. Vipimo hakuvitaka. Alifungua boneti, akainamisha kichwa kama anayenong'onezwa umbea, kisha akautaja ugonjwa. Mara tisa katika kumi alipatia. Ile ya kumi alisema gari limedanganya.

Siku moja akaja mfamasia na gari lake jekundu la mbio, viti viwili mbele na kiti cha adhabu nyuma. Lilikuwa na turbo, ile mashine inayoisukumia injini hewa. Mkononi alishika kiboksi: geji ya kuonyesha turbo inasukuma kwa nguvu kiasi gani.

Mume alikuja kutoka chumba chake cha kushonea, mlango wa pili, kusikiliza matusi. Maana fundi alikuwa na usemi wake: geji ni ya viziwi. Lakini siku hiyo alisema tu, "Lete."

Mume hakushangaa. Alikuwa amejua siku nyingi.

Fundi akapenyeza kijibomba chembamba kwenye ukuta wa injini. Ncha moja akaiunga na njia ya hewa ya injini, nyingine nyuma ya geji. Umeme akauchota kwenye taa za dashibodi. Geji ikakaa kando ya kioo kama kifungo kikubwa cha koti.

Wakatoka kulijaribu gari. Fundi kwenye usukani, mume kando, mfamasia nyuma, magoti yamegusa kidevu. Fundi akakanyaga mafuta. Gari likaruka, lakini mshale ukapanda kidogo, ukasinzia. Akakanyaga tena. Vilevile.

"Pole, mwanangu. Turbo yako imekwisha. Itabidi tuishushe, tuweke nyingine."

Mfamasia akashika kichwa.

Mume alikuwa anasikia mluzi. Psii, mwembamba, nyuma ya dashibodi, kila mafuta yalipokanyagwa. Hewa ilivuja pale kijibomba kilipoingia kwenye geji. Turbo ilikuwa nzima. Akinyamaza, gari la mtu litafunguliwa bure. Akisema, jina la mkewe la miaka thelathini litaishia barabarani.

"Simamisha gari. Nimebanwa."

"Hapa? Mtu mzima wewe!"

"Utu uzima ndio unaobana."

Gari likasimama. Akamvuta mkewe nyuma ya gari, akanong'ona, "Kuna mluzi."

"Nini?"

"Kuna mluzi."

"Sema basi, mwanamume!"

"MLUZI! Kwenye dashibodi!"

Mfamasia akatoa kichwa dirishani. "Huo? Mimi nilidhani ndivyo geji inavyolia."

Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli, na mikono ilikuwa safi.

"Umejua tangu lini?" akamuuliza mumewe.

"Tangu ulipoacha kunipiga kiwiko nikikoroma."

Akacheka. Akalia kidogo, akacheka tena. Kisha akaenda dirishani.

"Mwanangu, turbo yako nzima. Nimekosea mimi. Sikio la kulia limekufa, la kushoto liko njiani. Ukitaka fundi mwingine, nitakuonyesha."

Mfamasia akayatazama magoti yake. "Mama, huyo mwingine atanitoa vipi humu?"

Fundi akakaza kijibomba, akakibana vizuri. Wakaondoka. Safari hii mshale ukapanda mpaka ulipotakiwa.

"Unasikia nini?" akamuuliza mumewe.

"Nakusikia wewe unavyopiga kelele."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

Fundi akabadili gia. "Kesho uhamishie cherehani yako gereji," akasema. "Utashonea huko huko, nikikuita usikilize."

Cherehani ilikaa kando ya benchi lake miaka sita. Fundi alimwita kila siku, hata pasipokuwa na gari.