Majina Meupe Kabla ya Pamba

Wajukuu wangu wakiwasha filamu, nikisikia tu ngoma nzito na kuona majina meupe yakijitokeza gizani, mimi hujifunika uso kwa khanga. Wao hunicheka: "Bibi, hata haijaanza!" Kumbe kwangu sinema yenyewe ndiyo hiyo. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Ilikuwa Nyabusozi, wakati wa vita vya nduli aliyetuvamia kutoka nchi jirani. Kaka yangu Yohana alikuwa ameondoka na mgambo wenzake kwenda mpakani, na tangu hapo hatukupata habari zake. Mama alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini miezi ile alizungumza kwa shida. Kila nikimuuliza kama kaka ni mzima, alinijibu, "Dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu hujayaona, nyamaza."

Ndipo likaja gari la sinema. Jua lilipozama tulikaa nyasini mbele ya ofisi ya kijiji, jenereta ikinguruma na kunuka petroli. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona sinema. Kitambaa walichotundika mbele yetu kikawa cheusi ti. Ikalia ngoma, moja moja, polepole, halafu tarumbeta ikavuta sauti kama mtu anayezuia kilio. Jina la mtu likajitokeza, jeupe, likakaa kidogo, likafifia. Likaja la pili, nalo likafifia.

Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba watengenezaji wa sinema huanza kwa kujitaja. Majina ya watu, gizani, kwa muziki ule, na vijana wetu wako vitani: tungeelewa nini kingine? Wazee wakavua kofia. Mwanamke mmoja nyuma yetu akaanza kulia taratibu.

Mimi shule nilikuwa bado. Mama alikuwa kwenye kisomo cha watu wazima, ndiyo kwanza amefika kwenye silabi. Nikamsikia ananong'ona, "Yo... ha... na..." Mkono wake ukanibana bega mpaka nikaumia. "Ma..." Jina likafifia.

Kaka yangu aliitwa Yohana Maganga.

Mama akainuka, akapita katikati ya watu mpaka kwa bwana sinema. "Lirudishe," akamwambia. "Sijamaliza kulisoma."

Yule bwana akaeleza kwamba hao ni mafundi tu, wazima kabisa, wako Dar es Salaam, na sinema yenyewe ni ya kilimo bora cha pamba. Mama hakubanduka. Basi bwana sinema akarudisha mkanda. Ngoma zikaanza upya, na hofu ikatushika ileile, kana kwamba hatukuambiwa kitu. Safari hii watu wa kisomo walimsaidia kusoma kwa sauti kama darasani: Yo-ha-na Ma-pu-nda. Mama akarudi kukaa, akalia kuliko wote. Pamba yenyewe sikuiona, na hadi leo sijui ilimkosea nini mpiga tarumbeta yule.

Vita vilipokwisha, mchana mmoja mama akipepeta maharage, mwanamume mwembamba mwenye ndevu alisimama uani. Hapakuwa na ngoma, wala aliyetangulia kutuandaa. Akasema, "Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Alimtazama, ungo mkononi. "Jina lako nani? Lote."

Nilishangaa sana, mtu anamuuliza mwanawe wa kumzaa jina! Nilipokuja kuwa mzazi ndipo nilipoelewa kwamba tangu jioni ile ya sinema, mama alikuwa akiishi na nusu ya jina.

"Yohana Maganga."

Akaweka ungo chini.

"Marahaba, mwanangu."